Vidonge Vyangu vya Mkanda wa Jeshi na Mafua ya Mke Wangu

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, mimi fundi cherehani niliye mkabala na lango la hospitali yako, naomba umhamishe mfamasia wa dirisha la pili. Sababu ni hizi:

1. Nilimwendea kutafuta dawa ya kupaka. Malengelenge yalikuwa yamenitoka ubavuni, yanachoma kama pasi, na nilikuwa nakimbizana na suti ya bwana harusi. Akaniambia mbele ya watu, "Mzee, huo ni mkanda wa jeshi. Nenda kwa daktari sasa hivi. Zikipita siku tatu, dawa haitafua dafu." Nikaenda. Bwana harusi ameoa kwa suruali ya kuazima.

2. Nikaandikiwa vidonge mara tano kwa siku, siku saba. Nikamuuliza mfamasia vinaviuaje virusi. Eti haviui! Vinavizuia visizaliane, halafu mwili wangu umalizie. Yaani mgonjwa ni mimi na kibarua ni mimi. Tena virusi vyenyewe ni vya tetekuwanga ya utotoni mwangu, vimejilalia kwenye mishipa ya fahamu miaka arobaini, na hata sasa havihami. Vinarudishwa kulala.

3. Mke wangu aliposhikwa na mafua, nikataka kumgawia vidonge vyangu, kwa mapenzi. Mfamasia akanikemea: "Mafua ni virusi vingine, baba, havizaliani kama hivyo vyako, dawa hii haiviwezi. Maliza dozi yako." Tangu hapo mke wangu ananiita mchoyo.

4. Huu ni ubaguzi. Dada yangu alimeza dawa ya homa ya ini aina ya C miezi mitatu, akapona kabisa. Jirani yetu, naye hafichi, anameza za VVU kila siku ya maisha yake na ana nguvu kunishinda. Mafua ya kawaida hayana hata kidonge! Naomba ofisi yako iviite virusi vyote kikaoni, viunganishwe viwe aina moja, tupate dawa moja, ya kumeza mara moja, baada ya chakula.

Nisalimie manesi wote, mpiga picha za mifupa, na mlinzi wa zamu ya asubuhi.

Wako katika maumivu yanayopungua,
Fundi

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, shemeji yangu, aliyenicheka wiki nzima, amekuja kushonewa kifungo. Alipovua shati nikayaona malengelenge yale yale mgongoni. "Tangu lini?" "Jana." Sikumwacha hata avae, nimemvusha barabara mbio hadi kwa daktari, kisha dirisha la pili. Mfamasia akanitazama. Mimi nikatazama dari. Ukithubutu kumhamisha, barua ijayo itakuhusu wewe.