Punda wa Tuckerford Asigeuzwe Uso

Orville J. Petrochko,
Barabara ya Mferejini 118,
Tuckerford, Ohio.
8 Julai 2019

Mheshimiwa Bi. Darlene Voss,
Mwenyekiti, Kamati ya Sare na Nembo,
Klabu ya Mpira wa Kimarekani ya Tuckerford.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA STIKA

Baada ya salamu zinazostahiki cheo chako, mimi niliyetia sahihi hapa chini, mpaka rangi wa helmeti za klabu yetu tangu mwaka 1974, nakuandikia kwa dhumuni moja lisilo na matawi. Naiomba Kamati yako, itakapoketi Jumanne tarehe 16 kupiga kura, izikatae stika za Bwana Tanner Quill wa Columbus, na iniachie helmeti zetu arobaini na nne nizipake kwa mkono kama kila mwaka: punda wa upande wa kushoto akielekea mbele, na punda wa upande wa kulia akielekea nyuma.

Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza tarehe 24 Juni katika ukumbi wa zimamoto, mbele ya watu sitini na sahani zao za samaki wa kukaanga, na kwa habari ya kile kiti nilichokivunja naomba radhi kwa mara ya pili.

Kwa faida ya kumbukumbu, nieleze yaliyotokea siku hiyo. Klabu inatimiza miaka mia moja. Kamati ikaona vema timu icheze msimu mzima katika sare za mwaka 1953, mwaka ule tulipowafunga Harmon Junction kumi na tatu kwa sifuri. Wazo hilo nililiunga mkono kwa mikono yote miwili. Ndipo Bwana Quill, mchoraji wa nembo, kijana avaaye viatu bila soksi, alipofunua kitambaa kilichofunika jezi na helmeti mpya na kusema, "Haya jamani, hii hapa! Ya kale kuliko ya kale yenyewe!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikavaa miwani, nikasogea. Niliyoyaona nayaorodhesha.

1. Matope. Jezi mpya zimechapishwa matope kiwandani. Mwanzoni nilidhani ni uchafu wa safari, nikalowesha leso nikasugua, hayakutoka. Bwana Quill akanifahamisha kwamba hayo ni matope ya kudumu, yamo ndani ya kitambaa, "ili kuleta hisia, mzee." Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na hisia. Ugomvi wangu ni kwamba matope yale ni mekundu. Uwanja wetu uko kando ya mfereji. Matope yake ni meusi na yananuka kidogo yai viza. Matope mekundu, katika wilaya hii, yanapatikana mahali pamoja tu, napo ni Harmon Junction. Kwa hiyo vijana wetu wataingia uwanjani wakiwa wamekwisha kuangushwa na wapinzani kabla mpira haujarushwa.

2. Viraka. Jezi hizo zina viraka kwenye viwiko, navyo pia vimechapishwa. Bi. Opal Dudek, mwenye umri wa miaka themanini na minane, binti wa marehemu aliyemchora punda wetu, na ambaye mwenyewe alizishona jezi za 1953 kila Jumatatu, alikikwaruza kimoja kwa ukucha.

"Hiki kiraka kakishona nani? Mbona hakina uzi?"

"Ni wino, bibi," akajibu Bwana Quill.

"Ahaa. Na kikichanika, utakuja kukishona kwa kalamu?"

Kumbukumbu za mkutano zilizotolewa na katibu zinasema hapa palikuwa na "kicheko kidogo." Hakikuwa kidogo. Naomba zisahihishwe.

3. Uso wa punda. Izingatiwe kwamba punda wetu alichorwa mwaka 1948 na marehemu Casimir Dudek, mwandishi wa vibao vya maduka, kwa heshima ya punda waliokokota mashua mferejini. Amefumba jicho moja. Mdomo umelegea. Ni punda aliyekwisha kufanya kazi, anayengoja kuambiwa kwamba imetosha. Punda wa stika ana misuli shingoni, anaonyesha meno kumi na sita (niliyahesabu mara mbili), na ana nyusi. Nina miaka sitini na saba, saba kati ya hiyo niliishi shambani kwa mjomba wangu, na sijapata kuona punda mwenye nyusi. Nilipouliza kwa adabu amekasirishwa na nini, niliambiwa, "Ana kiu ya ushindi." Mheshimiwa, punda mwenye kiu hupewa ndoo. Hapewi nyusi.

4. Mwelekeo. Hapa ndipo penye moyo wa barua hii, nami naomba uusome ukiwa umeketi.

Bwana Quill amewageuza punda wote wawili waelekee mbele. Alisema mbele ya mashahidi kwamba yule wa kulia alikuwa "kosa dogo la kiufundi, tumelirekebisha bure." Kosa! Watoto wa mji huu hujua, kabla ya kujua kusoma, kwamba punda wa kushoto anakwenda na punda wa kulia anarudi. Gari la zimamoto limechorwa vivyo hivyo. Padre Leahy wa parokia yetu alihubiri Kwaresima mbili mfululizo kwamba yule wa kushoto ni tumaini na yule wa kulia ni toba, na wachezaji sita walikwenda kuungama, wakiwamo Walutheri wawili. Hakuna bwana harusi wa Tuckerford anayesimama kushoto kwa bibi harusi, kwa sababu akimbusu atakuwa amempa upande unaokimbia.

Tunaye punda pia katika vita vya uwanjani. Watu wa Harmon Junction hutupigia kelele kila mwaka toka jukwaa lao, "Nyie! Punda wenu hajui anakokwenda!" Nasi huwajibu kwa sauti moja, "Anajua alikotoka! Nyie mmetoka wapi?" Hawajawahi kupata jibu. Niambie, Mheshimiwa, tutawajibu nini punda akishageuzwa? Na usisahau mechi ya 1981, mlinzi wao namba 54, mtu mzima, alipoitazama helmeti ya mkimbiaji wetu kwa upande wa kulia, akakimbilia kule alikoelekea punda, na mpira ukapita kwingine mpaka mwisho wa uwanja. Gazeti lilipomhoji alisema, "Nilidanganywa na mnyama." Kipande hicho cha gazeti nimekiambatisha. Je, stika gani imewahi kudanganya mtu mwenye uzito wa pauni mia mbili na hamsini?

5. Wachezaji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ikiwa Kamati inataka mwaka 1953, iuchukue wote. Katika picha ya mwaka ule, mchezaji mzito kuliko wote ana pauni mia moja tisini na nane, na wanane hawana meno ya mbele. Vijana wetu wa leo wana pauni mia tatu na meno meupe kama vyombo vya wageni. Sisemi wang'olewe. Nasema iandaliwe orodha ya kujitolea. Jezi nazo ziwe za sufu halisi, zile zilizokunywa mvua hadi mtu akawa anavaa kondoo mzima aliyelowa, si hicho kitambaa chenye matundu ya kupumulia. Mwaka 1953 jezi haikupumua. Mvaaji mwenyewe alipumua kwa shida.

Tena, wachezaji watatu wa mwaka ule wangali hai, na sheria za klabu, kifungu cha 9, zinasema mchezaji hubaki katika nafasi yake "hadi atakapoiacha kwa maandishi." Nimepekua kabati la klabu. Hakuna aliyeandika. Bwana Stosh Wieczorek, miaka themanini na tisa, nilipomtembelea kumpa habari kwamba angali mlinzi wetu wa kushoto, aliweka kijiko chini akasema, "Nilijua tu. Nilijua hawajapata mwingine." Kisha akaongeza, "Ila mniweke upande ulio karibu na choo." Naliona hilo kuwa sharti la haki.

6. Wapinzani. Mwishowe, haiwezekani timu moja iwe katika mwaka 1953 na nyingine iwe katika 2019, watagonganaje? Kwa hiyo nimewaandikia Harmon Junction kuwaomba nao warudi, wavae sufu, na wafungwe kumi na tatu kwa sifuri, tena saa ileile, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Katibu wao amejibu kwa maneno mawili: "Mzee, pumzika." Kwa kuwa halikuwemo neno la kukataa, nimeliweka jibu hilo katika jalada la waliokubali.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ulinishika bega siku ile mlangoni ukaniambia, "Orville, jamani, ni punda tu." Nimelifikiria neno hilo wiki mbili. Nakubali kwamba ni punda. Lakini kila Agosti huletewa helmeti arobaini na nne katika gereji yangu, zikinuka jasho la mwaka jana, nami huziosha, hupaka punda wawili wawili, dakika ishirini na mbili kwa kila helmeti, mlango ukiwa wazi. Wapitao barabarani husimama. "Umefika ya ngapi, Orville?" "Ya thelathini na moja." "Basi msimu umekaribia." Na kweli huwa umekaribia. Vijana wenyewe huja kuchungulia ipi ni yao, wakijifanya wamekuja kuazima pampu ya baiskeli.

Nimeambiwa stika hubandikwa kwa dakika mbili. Kwa hesabu hiyo kazi yangu yote itakuwa imekwisha kabla ya kifungua kinywa cha siku moja. Miezi mingine kumi na moja najua la kufanya nayo. Agosti sijui.

Kwa hiyo, na kwa sababu zote sita zilizotajwa, hususan ile ya nne ambayo juu yake nyingine zote zimesimama, naomba Kamati itambue kwamba punda wa kulia ametazama nyuma tangu siku alipochorwa, kwamba hivyo ndivyo alivyokusudiwa na mchoraji wake, na kwamba mkono usioijua historia hiyo hauna haki ya kumgusa.

Nisalimie mumeo Gene na goti lake, wajumbe wote wa Kamati, walionipigia makofi na wasionipigia, wapishi wa samaki, vijana wa zimamoto, na Bwana Quill pia, ambaye namtakia heri na soksi.

Wako mtiifu katika nembo,

Orville J. Petrochko
Mpaka Rangi wa Helmeti

Nyongeza, 9 Julai, kabla ya kufunga bahasha:

Nilitaka kuambatisha picha ya helmeti ya 1953 kuwa ushahidi wa lalamiko la nne. Nikaenda kwa Bi. Opal Dudek, anayeitunza ndani ya foronya ile iliyopakwa na baba yake. Akaifungua juu ya meza ya jikoni.

Punda wa kushoto anaelekea mbele. Punda wa kulia anaelekea mbele.

Nikasema labda hiyo moja ina hitilafu. Akaniletea ya 1961. Akaniletea na ya 1972. Wote wanaelekea mbele, Mheshimiwa, kama wanaokwenda harusini.

Nilirudi gerejini nikakitoa kiolezo cha bati, kile chenye tundu la umbo la punda la kupitishia rangi, nilichokabidhiwa na marehemu Dudek macho yake yalipofifia. Upande wa nyuma umeganda rangi ya miaka mingi. Nikaikwangua kwa kisu. Chini yake pana maandishi yake, kwa ile hati yake nzuri ya vibao vya maduka: KULIA, GEUZA BATI.

Sikuligeuza. Mwaka 1974 sikuligeuza, ndipo punda wa kulia akatazama nyuma, na tangu hapo sijaligeuza. Kosa si la 1948 na si la kale. Ni langu, na Bwana Quill alilitambua kwa kutazama mara moja. Lalamiko la nne linaanguka. Yale mengine yalikuwa yameliegemea. Padre Leahy nimekwisha kumjulisha, amesema atatafakari. Bwana Wieczorek sijamwambia.

Niliporudi kumwomba Bi. Opal msamaha kwa ajili ya baba yake, aliendelea kumenya viazi. Akasema, "Baba alijua. Ulipomaliza zile za kwanza alikwenda uwanjani, akaziweka puani ndipo azione, akarudi hapa akicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nikamwambia, baba, mwambie kijana wa watu. Akasema, 'Mwache. Mkono anao.'"

Barua sitaiandika upya, kwa kuwa niliyoyaandika niliyaamini. Ila siwezi tena kuiambia Kamati kwamba natetea kazi ya marehemu. Natetea kosa langu la miaka arobaini na mitano, na hamu ya kulipaka tena.

Rangi nimekwisha kuikoroga. Naomba uamuzi wa Kamati, kwa maandishi, kabla ya tarehe mosi Agosti: je, nipake, na nikipaka, niligeuze bati au nisiligeuze?

O. J. P.