Mafuta ya Breki kwenye Usukani

Jumapili, 10 Agosti 2003

Nimeshinda! Baada ya ibada tulikaa kupanga safari ya kwanjula. Nashon wetu, mtoto wa marehemu kaka yangu, anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, Hortense, Waganda wa mbele ya Kansanga. Odera, jirani yetu mwenye duka, akajitolea gari lake, lile jipya. Nikasimama. Nikasema mtoto niliyemlea mimi hawezi kufikishwa ukweni na gari la jirani. Watatangulia wazee na zawadi ndani ya vani yangu, na atakayesimama mahali pa baba ni mimi. Kikao kikakubali. Odera akatabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Usukani wa vani unalia kidogo nikikata kona. Nashon amenipa pesa za kuutengeneza. Mtoto mwenye heshima.

Jumatatu, 11 Agosti

Ntinda, kwa fundi Opoka. Akainama, akachungulia, akasikitika kama daktari. Bomba la mafuta ya usukani linavuja. Sili za pampu, zile raba za kuzuia mafuta, zimechoka. Anataka kubadilisha vyote na kubaki na gari hadi Alhamisi. Kumbe! Mafundi wote ni hivyo, ukiwapa kikohozi wanakurudishia kifua kikuu. Nikamwambia nitafikiri.

Nimekwisha fikiri. Wakwe wataangalia rangi. Hakuna mkwe aliyewahi kuuliza habari za pampu.

Jumanne, 12 Agosti

Vani imepigwa rangi ya fedha. Viti vimevalishwa vitambaa vyekundu. Pesa za Nashon zimefanya kazi nzuri kabisa. Nerima mke wangu akauliza, na usukani je? Nikamjibu mwanamke hawezi kuelewa mambo ya mitambo. Akarudi kwenye maharage yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Mafuta ya usukani yamekauka tena. Chini ya gari kuna dimbwi jekundu. Nilikuwa na kopo la mafuta ya breki chini ya kitanda. Nikamimina yote. Okeny, mwanajeshi mstaafu anayelinda geti la jirani, akaja akatazama. Akasema, "Mzee, mafuta ya breki hapana weka hapo. Itakula raba yote."

Nikamuuliza jeshini alikuwa fundi? Hapana, alikuwa mpishi. Basi!

Ijumaa, 15 Agosti

Haivuji! Hata tone! Usukani laini, sauti hakuna. Nimezunguka Kansanga nzima nikikata kona zisizo na sababu. Nikapita makusudi dukani kwa Odera, nikageuza gari mbele ya mlango wake kwa mkono mmoja. Aliona. Nina hakika aliona.

Kanzu yangu imepigwa pasi. Nerima ameitundika ukutani. Nimeitazama, nikamkumbuka kaka. Angekuwepo, angeivaa yeye.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi usukani umekuwa jiwe. Dimbwi limerudi, tena kubwa. Raba zilivimba jana, leo zimekufa. Kwenda kwa Odera? Heri kifo. Nikamchukua Okeny, nikamkalisha kushoto kwangu tuvute usukani pamoja. Ana mikono.

Barabara ya Ggaba ilikuwa nyoofu, Mungu ni mwema. Wazee nyuma wakaimba. Lakini kwa wakwe unapanda kichochoro, halafu kona kali, halafu geti. Nikasema kulia. Okeny akavuta kwake, yaani kushoto. Tukavutana. Vani ikaenda ilikotaka, mtaroni, na kuziba njia yote. Wazee wakashuka mmoja mmoja wameshikilia makoti. Kreti za soda zikavunjika. Nikaingia chini ya gari kutazama, bomba likapasuka. Mafuta kifuani, mikononi, usoni.

Odera alikuwa nyuma yetu na gari lake. Alivua koti, akabeba kapu la kwanza mwenyewe. Hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe.

Getini shangazi wa Hortense akaitazama kanzu yangu. Akasema kwa upole kwamba mtu hasimami mbele ya wazee wao na nguo kama hiyo, na kwamba saa imefika, geti linafungwa. Nashon aligeuka mara moja kuniangalia. Kisha akaingia.

Nikakaa mtaroni na Okeny. Spika zilikuwa kubwa, tulisikia kila kitu. Msemaji wetu akatambulisha mashangazi, akatambulisha wajomba. Halafu akasema, "Na huyu hapa, mahali pa baba wa kijana, ni Mzee Odera."

Wakapiga makofi. Makofi marefu. Okeny akaniuliza kama nalia. Nikamwambia ni mafuta ya breki, yanawasha macho. Alijua, lakini akakubali.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nerima amefua kanzu mara mbili. Doa halitoki.

Jumatano, 20 Agosti

Opoka amebadilisha bomba, sili na pampu yenyewe. Amelipwa na Nashon, tena. Jioni Nashon akaja, akakaa karibu nami. Harusi ni Desemba. Akasema, "Baba mdogo, kanisani utasimama wewe. Nimewaambia wote. Lakini tafadhali, njoo na bodaboda."

Nikaitikia.

Bodaboda! Baba wa bwana harusi, mbele ya Odera, juu ya bodaboda! Haiwezekani. Usukani sasa ni mzima. Kuna kagiaboksi tu kanakokwaruza. Opoka anataka kukafungua. Kumbe! Jamaa mmoja hapa Kansanga ameniambia ndizi mbivu, zikipondwa na kutiwa ndani ya giaboksi, huinyamazisha kabisa.

Nimemtuma Nerima sokoni alete ndizi za bogoya zilizoiva sana. Ameniuliza kama ni za kula. Nimemwambia ni za harusi.