Enanga Yetu Imo Kwenye Supu ya Kamati

Privatus Kagaruki,
Kibanja cha marehemu Mzee Kagaruki,
Chini ya godauni la kahawa, njia ya Kamachumu,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
Jumatatu, 28 Juni 1976

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Mzee Ildefons, waitu,

YAH: KANO ZA MIGUU YA NG'OMBE WA KIJIJI

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya isipokuwa vidole viwili, ambavyo nitavieleza mahali pake.

Mimi ni Privatus, yule kijana mrefu anayesimama nyuma kwenye mikutano na kuuliza maswali wakati watu wanataka kwenda nyumbani. Elimu yangu ni darasa la tano kamili, na la sita nililisikiliza dirishani, kwa hiyo ukikuta neno gumu humu ndani usiwe na wasiwasi, nalijua. Katika kijiji hiki hakuna mtu mwenye meno yake yote anayepiga enanga isipokuwa mimi. Sijisifu, nawahesabu tu waliobaki.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ijayo baada ya misa, mbele ya godauni, kijiji kitachagua nani aende Bukoba mjini kutuwakilisha kwenye sherehe za Saba Saba: ama mimi na enanga aliyoniachia babu, ama Buberwa mtoto wa karani na gitaa lake. Gitaa la Buberwa lina nyuzi za chuma za dukani, zinang'aa mpaka kuku wanajitazama. Enanga yangu haina uzi wa maana. Na sababu ya kukosa uzi, Ndugu Mwenyekiti, ni supu. Naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Babu alipokuwa hai, ng'ombe akichinjwa hapa kwetu, kano za miguu ziliwekwa kando kwa ajili ya mpiga enanga. Sheria hiyo haikuandikwa popote, ndiyo maana watu waliifuata. Sasa tuna Kamati ya Nyama, ambayo nyinyi wenyewe mliichagua kwa kunyoosha mikono, na tangu siku hiyo miguu yote minne huingia kwenye pipa la makongoro pamoja na kano zake. Wanaokaa kulizunguka pipa ni wajumbe. Sisi wengine tunakaa upande ambao moshi unaelekea. Sisemi wajumbe ni walafi. Nasema tu kwamba Mjumbe Kashaija alipochaguliwa alikuwa anafunga mkanda tundu la mwisho, na siku hizi mkanda ameuacha nyumbani.

2. Huenda kamati inadhani uzi ni uzi. Kwa faida ya wale ambao macho yao huwa kwenye bakuli, nieleze. Enanga ni ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, na uzi wake ni mmoja tu. Unaanzia pembeni, unakwenda mpaka mwisho, unapita kwenye pengo, unarudi, unakwenda tena, mpaka sauti zote zimepatikana kwa uzi uleule. Ukikatika mahali pamoja, wote unalegea na hakuna sauti inayobaki kujidai. Ndugu Mwenyekiti, huo si ujamaa ni nini? Babu alikuwa na kijiji cha ujamaa mapajani kabla hamjaanza semina. Gitaa la Buberwa kila uzi una msumari wake na mambo yake, ukikatika mmoja mwingine unaendelea kuimba kana kwamba hakuna msiba. Ndugu wa semina wangeliitaje gitaa la namna hiyo, jibu unalo mwenyewe.

Kano ya ng'ombe inaanikwa juu ya jiko, inachanwa, inalowekwa, inasokotwa ikiwa bado ina maji, vipande vinaunganishwa mpaka unapata uzi mrefu. Sauti yake ina nyama ndani. Ukiigusa, inaendelea kuzungumza hata kidole kimeondoka, kama mama mkwe. Mvua ikinyesha inalegea kidogo na sauti inakuwa nzito, lakini hata watu wa hapa mvua ikinyesha huzungumza polepole, kwa hiyo hakuna anayeshangaa. Hiyo ndiyo sauti inayoweza kubeba habari za wakubwa wa kale bila kuwachekesha wasikilizaji.

3. Kwa kukosa kano nilijaribu mkonge. Nilikaa nikausokota mpaka mapaja yakawa mekundu. Sauti ya mkonge ni kavu. Inatoka, inaanguka hapohapo, haifiki hata kwa mtu wa pili. Nikipiga wimbo wa vita, ulisikika kama mtu anayesoma taarifa ya mwaka. Tena unapukutika: kila nikikaza, vinyuzi vinaruka na kuingia kwenye chakula. Mama yangu, Ma Alistidia, ambaye ni mpole na unamfahamu, alisema niende na kitu hicho kibandani kwa mbuzi. Nilikwenda. Mbuzi wakaula uzi.

4. Nikapanda mtumbwi kwenda Bumbire kwa binamu yangu mvuvi, akanipa mshipi wa nailoni. Hapo nilidhani nimeokoka. Nailoni ina sauti tamu, sikatai, lakini ni nyembamba, sauti ya mtoto wa kwaya ambaye hajapata uji. Na inateleza. Unaanza wimbo enanga ikiwa imekaa sawa, ukifika katikati uzi umejivuta kwenye mapengo, kila sauti imeshuka kwa kiasi chake, na wewe unaimba peke yako kama mtu aliyeachwa na gari. Ukikaza, inanyooka tu. Samaki imewashika, sauti imeshindwa kuishika. Buberwa alipita akasimama mlangoni, akauliza kama enanga yangu inaimba au inaomba maji. Wasichana waliokuwa naye walicheka, na mmoja wao, simtaji jina kwa kuwa ni binti yako Georgina, alicheka kuliko wote.

5. Kwa aibu hiyo nikaamua kutumia chuma. Waya wa breki ya baiskeli ni mzuri, ni mrefu, na hauogopi mvua. Niliuazima kwenye baiskeli ya Katekista Philbert wakati yeye anafundisha watoto wa komunyo. Nasema niliuazima kwa sababu nilikuwa na nia ya kumwambia. Ndugu Mwenyekiti, sauti ya ule waya sitaisahau. Ilikuwa kubwa, ndiyo, ilifika hadi barabarani, lakini ilikuwa na ukali wa sufuria kuburutwa kwenye saruji, na kila sauti iligombana na mwenzake. Waya ukala mapengo ya ubao wa babu kama msumeno. Ukanichana vidole viwili, hivi nilivyovitaja mwanzoni. Nilikuwa bado nafunga vidole majani niliposikia kelele kutoka kilimani, kumbe Katekista alikuwa amemaliza somo na anateremka. Waliomwona wanasema aliteremka akisali kwa sauti, na sala ilimalizikia ndani ya shamba lako la kahawa.

Ulinitumia ujumbe kwamba nije nisimamishe miti mitatu iliyolala. Nitakuja. Lakini naomba tufuatane kwa mantiki. Mibuni imelala kwa sababu Katekista hakuwa na breki. Hakuwa na breki kwa sababu waya ulikuwa kwenye enanga. Waya ulikuwa kwenye enanga kwa sababu hapakuwa na kano. Kano zilikuwa wapi? Basi miti hiyo imeangushwa na supu, na kamati ije na majembe yake.

6. Mpaka hapa nimezungumzia kijiji tu. Sasa tazama mbele. Jumapili nikishindwa, Buberwa ataenda Saba Saba na kupiga nyimbo za dansi alizojifunza redioni. Wageni kutoka wilaya zote watauliza watu wa Kamachumu wana nini cha kwao, nao wataambiwa wana nyuzi za dukani. Wazee wakifa, majina ya waliotutangulia yatakosa uzi wa kuyashikilia. Watoto watauliza historia yao imekwenda wapi, na itabidi mwalimu awapeleke kwenye pipa awaonyeshe. Mkoloni alichukua mengi katika nchi hii, lakini miguu ya ng'ombe alituachia. Sitaki kusema zaidi, kwa kuwa naheshimu uongozi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kesho Jumanne kuna kazi ya shamba la pamoja na ng'ombe atachinjwa. Kano za miguu yote minne zipelekwe kwangu kabla maji hayajachemka. Ikishindikana, miguu miwili ya nyuma, ambayo kano zake ni ndefu. Ikishindikana kabisa, basi mkutano wa kijiji uelezwe hadharani nani aliipa kamati idhini ya kuunywa muziki.

Nina hakika utalichukulia jambo hili kwa uzito wake, kwa sababu wewe ni mtu wa haki, na pia kwa sababu wimbo niliouandaa kwa Jumapili una beti mbili zinazokusifu. Zikipigwa kwa nailoni, sifa zako zitashuka katikati.

Msalimie Mama Georgina. Msalimie Georgina mwenyewe, mwambie kucheka sana kunakausha koo. Wajumbe wa kamati wasalimie wote, kama wameshanawa. Katekista mpe pole ya goti, na Buberwa mwambie aendelee kulisugua gitaa.

Ni mimi, ninayelijenga taifa kwa vidole vinane vilivyobaki,

Privatus Kagaruki,
Mpiga enanga

Baada ya kutia sahihi: Leo ni Jumatano asubuhi. Barua ilichelewa kwa kukosa bahasha, na katika kuchelewa huko mambo yamebadilika kidogo.

Jana alasiri Georgina alikuja hapa na furushi la majani ya mgomba. Alisema wewe baba yake umezitoa kano zote nane, mbili kila mguu, kwa kisu chako mwenyewe kabla miguu haijaingia kwenye pipa, na kwamba Mjumbe Kashaija alinuna lakini uliwaambia wajumbe kwamba ungependa kusikia enanga ya Mzee Kagaruki walau mara moja tena. Mzee, sikuwa nimekuomba bado. Nilizitundika juu ya jiko zikauke, nikaenda moja kwa moja kwa Buberwa kumweleza jinsi atakavyoshindwa. Maelezo yalikuwa marefu. Niliporudi giza limeingia, mama ametandika majani, ndizi za ebitoke zinatoa mvuke, na Georgina amezuiliwa ale kwanza ndipo asindikizwe. Mchuzi ulikuwa mzito, unanata midomoni. Nilikula, nikaongezwa, nikamsifu mama kwamba leo ameishinda kamati. Akasema ni zile nyama kavukavu zilizokuwa zimening'inia juu ya jiko, alidhani zimeletwa kwa ajili ya mgeni. Nikatazama juu ya jiko. Nikatazama sahani. Mgeni alikuwa anafuta sufuria kwa kidole.

Hivyo lalamiko la kwanza nalifuta, na mengine yaliyokuwa yamelishikilia yalegee nalo. Miti ya kahawa nitaisimamisha mwenyewe. Kuhusu kamati, sasa nimeielewa, na kukitokea nafasi naomba jina langu lifikiriwe. Kuhusu kano, naomba jambo hilo tulimalize kimya kimya, kwa kuwa tatu kati ya hizo zilirudi nyumbani kwako zikitembea kwa miguu ya binti yako.

Jumapili nitapiga mshipi wa Bumbire. Georgina ameahidi kwamba kila uzi utakapoteleza atapiga vigelegele, ili watu wadhani ni sehemu ya wimbo.