Gia Nyepesi za Mzee Shee

Leo nimepatikana. Na sikupatikana uchochoroni ambako ningejificha. Nimepatikana Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari, Jumapili alasiri, wakati kisiwa kizima kiko pale kinakula mihogo.

Wengine mwajua nimeposa kwa Rukia. Mwezi wa pili huu wazee wangu wamepeleka posa, na babake, Mzee Shee, hajajibu. Hakukataa, hakukubali. Kila wakienda wanapewa kahawa na halua, wanarudi. (Ami yangu amenenepa kwa posa yangu.)

Mzee Shee alikuwa tarishi. Umri wake wote alipeleka barua kwa baiskeli nyeusi ya chuma, gia moja. Kisha presha ya macho ikamla macho yote mawili, na baiskeli ikaishia darini. Ukikaa naye haulilii mwanga, anaililia ile baiskeli. Basi mie, mjanja, nikapata baiskeli ya watu wawili kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama Kizingo. Mmoja hukaa mbele akashika usukani, mwenzake nyuma kazi yake kukanyaga tu. Nikampelekea mzee habari. Akasema:

"Nipandishe kilima cha feri, Athmani. Tukifika juu nitakupa jibu la wazee wako."

Shida ilikuwa gia. Baiskeli yenyewe nzito kama kabati, na gia zake ni za nchi isiyo na kilima. Nilikijaribu kilima cha feri na jirani yangu nyuma. Tulipofika nusu jirani akashuka, akaenda zake kwa miguu bila kuniaga.

Nikaipeleka kwa Fundi Kombo, Bondeni. Akaizunguka mara mbili. "Hii yataka kuchanganywa vifaa vya baiskeli nyingine," akasema. "Niachie mpaka Jumatano."

Jumatano, na mzee nimemwahidi Jumapili ya kabla yake? Nikachukua baiskeli yangu nikaenda zangu. (Fundi, kama unasoma hapa, nisamehe.)

Nyumbani nikaanza ufundi. Kaka yangu ana baiskeli ya milimani iliyokufa zamani. Nikaivua gia zote za gurudumu la nyuma, na ndani yake mna moja pana kama sahani ya pilau. Zikaingia kwenye baiskeli yangu vizuri. Nikaona haitoshi. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye pedeli meno yakipungua, kazi nayo hupungua. Basi kwenye mkweche wa tatu, uliokuwa ukioza uani, nikatoa duara dogo la meno, nikalifunga kwenye pedeli za nyuma, upande wa kushoto. Mbona kushoto? Kwa sababu kulia bolti ziligoma. Mnyororo wa upande huo ukalegea, nikaupunguza pingili, ukakaa. Nikapiga picha nikaiweka hapa, mkanisifu. (Hata mmoja wenu hakuniuliza swali. Hata mmoja.)

Sikuijaribu. Nani angekaa nyuma? Jirani hapokei simu zangu.

Leo baada ya sala ya alasiri nikafika kwao, Mji wa Kale. Mzee yuko barazani tayari, suruali yake ya kaki ya kazini imenyooshwa pasi, kofia imekaa sawa.

"Masalkheri, ami."

"Masalkheri. Nyepesi?"

"Nyepesi, ami. Gia nimezifunga kwa mikono yangu."

Rukia alikuwa dirishani juu. Alinitazama tu, nami nikaelewa anachoniambia: huyo ndiye baba pekee niliye naye. Nikamkalisha mzee. Kwa kuwa haoni pedeli ziko wapi, nikamfunga nyayo kwa ule mpira wa kufungia mizigo kwenye keria, miguu isiteleze. Mwenyewe akaridhia. Nikakaza. Mie nikifunga, nafunga.

Tukatoka. Jamani, raha. Nakanyaga polepole na baiskeli yaenda. Tukapita Ngome, tukaingia Kizingo chini ya miti, kimya, nasalimia walinzi wa kwenye mageti kwa mkono mmoja. Nilijiona nimeshavaa joho la harusi.

Nyuma nasikia pumzi. Fuu, fuu, fuu. Nikasema moyoni, ni utu uzima huo. Sasa nyinyi mwajua adabu. Mtu aliyeposa hamwulizi baba wa msichana, "Umechoka?" Utakuwa umemwambia amekwisha. Naye tarishi mzima hawezi kumwambia kijana anayemtaka bintiye, "Nimeshindwa." Basi kila mtu kashika adabu yake, na baiskeli yaenda. Mara moja tu aliniita.

"Athmani. Huko mbele nako ni hivi hivi?"

Nikadhani asema upepo wa bahari uliokuwa ukitupiga. "Hivi hivi, ami. Starehe tupu."

"Haya," akasema.

Tulipoingia Mama Ngina watu wakaanza kucheka. Nikaona wamefurahi kumwona mzee, nikawapungia mkono. Wakazidi. Wengine wakatoa simu. Nikapunga tena. (Niliwapungia, wallahi.) Hapo mama mmoja mchoma mihogo akaingia barabarani na koleo lake mkononi, akasimama katikati. Nikashika breki.

"Ewe kijana, huna haya?"

"Mama, nimefanya nini?"

"Wapunga mikono kama mheshimiwa, na mzee wa watu umemfunga miguu akuendeshe!"

Nikageuka. Kofia imemlalia sikioni. Shati limeroa, laweza kukamuliwa. Magoti yanamtetemeka na baiskeli imesimama. Watu waliotuona tangu mbali ndio walionieleza: mie mbele nilikuwa nakanyaga kama mtu anayefuata jeneza, mzee nyuma miguu yamwenda kama cherehani. Wakaja kumfungua. Fundo langu likakataa. Wanaume watatu walilihangaikia, likakataa, mpaka yule mama akaukata mpira kwa kisu cha ndimu huku akinitazama mimi.

Na nani anatokea kwenye umati na sahani ya viazi karai? Fundi Kombo. Akainama upande wa kushoto, akatazama, akatafuna.

"Athmani. Mnyororo huu wa kushoto hauendi kwenye gurudumu. Kazi yake ni kuunganisha pedeli zako na zake. Meno ya mbele na ya nyuma sharti yalingane. Wewe umeweka madogo kwa mzee. Ukizunguka mara moja, yeye azunguka mara mbili."

Nikainama nami, nikahesabu meno.

"Na zile gia za nyuma ulizoziweka zimezidi kumkimbiza," akasema. Akachukua kiazi kingine. "Jumatano haikuwa mbali."

Mzee alipewa dafu, akalinywa lote. Kisha akanyoosha mkono kutafuta bega langu. Nikajua ni kofi, nikamsogezea na shavu. Akashika bega.

"Kilima cha feri kiko mbali?"

"Hapo mbele tu, ami."

"Niitie tuktuk."

Tuktuk ikamrudisha Mji wa Kale. Mie nikarudi naikokota baiskeli ya watu wawili peke yangu, na kila niliyempita aliuliza mwenzangu yuko wapi. Nimekata tamaa kabisa. Miezi miwili ya posa nimeimaliza kwa spana moja.

Magharibi Rukia akapiga simu. Baba yuko sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji moto ya chumvi. "Umemfanya nini baba yangu?" Kabla sijajibu nikasikia simu imechukuliwa.

"Athmani."

"Labeka, ami. Nisamehe, ami."

"Leo mwenye macho kakaa mbele, na nimeona alikonifikisha. Mpelekee Kombo baiskeli. Jumapili ijayo mbele nitakaa mimi. Wewe utakaa nyuma, na miguu nitakufunga mwenyewe."

"Na lile jibu, ami?"

"Jibu liko juu ya kilima," akasema, akakata.

Msinicheke. Mwenye helmeti aniazime, Rukia namtaka.