Shampeni ya Ubatizo wa Zakayo

Jumatano, 20 Agosti

Nisamehe, shajara yangu. Tangu Zakayo azaliwe sijakushika. Miezi saba! Mkono mmoja mtoto, mkono mwingine sufuria. Usingizi nausikia kwa majirani tu.

Leo nimeshika kalamu kwa wivu, niseme ukweli. Jumapili tunambatiza Zakayo, na mama mkwe anashuka kutoka Rombo. Atakaa Dar mwezi mzima. Kwa nani, hajasema. Kwangu kuna mtoto asiyelala. Kwa wifi yangu Fortunata kuna kiyoyozi.

Namtaka mimi! Anipokee mtoto, nilale hata mchana mmoja. Lakini kila akipiga simu ni Fortunata hivi, Fortunata vile. Eti kwenye komunio ya mwanawe shampeni iliruka mpaka kwenye feni.

Yangu itaruka mpaka kwa jirani.

Alhamisi, 21 Agosti

Mungu yupo! Nimeenda Kariakoo kumtafutia Zakayo viatu vya ubatizo, nikapita duka la vinywaji la Onesphory, pale Msimbazi. Juu kabisa kwenye shelfu, chupa ina vumbi. Shampeni ya Ufaransa, ya kweli. Mwaka 1996!

Onesphory kasema ameichoka. Wateja wakiona mwaka wanairudisha haraka, wanadhani imepita muda. Kaniachia kwa bei ya viatu. Zakayo atabatizwa akiwa na soksi tu.

Nimeangalia kwenye simu. Ulaya inauzwa bei ya ng'ombe! Nimemwambia mume wangu, Elibariki. Kauliza viatu viko wapi.

Jumamosi, 23 Agosti

Fortunata kaja kusaidia. Yaani kaja kukaa. Kaishika chupa yangu kwa vidole viwili kama nepi, akaigeuza na kuigeuza akitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. "Wifi, utatuua! Hii imezaliwa kabla ya dada yangu wa kazi."

Nikamjibu kwamba aliyezoea vya juzi hawezi kujua vya zamani. Kacheka. Hata meno anayo mazuri. Inauma.

Jumapili, 24 Agosti

Zakayo wangu hakulia hata kidogo. Padri aliziangalia soksi, akaendelea.

Sherehe sebuleni. Nikamwagiza MC autangaze mwaka. Akautangaza mara mbili. Muziki ukapanda, akaitikisa chupa kama kawaida yao, tukahesabu moja, mbili, tatu, akina mama wamejikinga nywele. Kizibo kikatoka kimya kimya, kama mtu anayetoroka misa. Povu? Wapi! MC akaipiga chupa kitako. Bado.

Fortunata akachomoa ya kwake kwenye mkoba. Alikuja nayo! Ikalipuka mpaka darini. Vigelegele. Keki ikalowa. Mama mkwe akacheza.

Nikakimbilia jikoni na chupa yangu, Zakayo mgongoni. Nikaionja. Mkate uliokaushwa. Karanga. Asali iliyosahauliwa kabatini. Nikaionja tena. Halafu nikalia kidogo.

Mama mkwe akaja nyuma yangu, akaomba glasi. Akasema gesi humsumbua tumboni, hii haina fujo. Akaomba ya pili. Akampokea Zakayo, mtoto akalala begani palepale! Akaniambia, "Umekonda, mwanangu. Begi langu liletwe huku. Nakaa kwako."

Mwezi mzima! Nilitaka kupiga magoti.

Kisha akamwita Fortunata aje amwongezee kidogo ile yake ya sukari humohumo kwenye glasi, ichangamke.

Juu ya 1996!

Nikamwambia kwa heshima zote: basi mama, afadhali ukakae kwenye povu.

Akanirudishia mtoto. Akaenda.

Jumatatu, 25 Agosti

Sijalala. Zakayo naye hajalala, ila yeye anafurahi. Elibariki kasema nimpigie mama yake nimwombe radhi, atarudi leo leo. Nimelifikiria hilo nikinyonyesha. Hapana. Kosa nimelijua: ile shampeni ilikuwa changa. 1996 ni juzi, dada yangu mkubwa alikuwa ameshaanza shule!

Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini, sherehe kwa Fortunata. Nimemwandikia Onesphory anitumie haraka: chupa moja ya Ufaransa, mwaka 1970 kurudi nyuma, utepe mwekundu, mpana, na glasi ndefu tatu, moja, ya wifi, iwe na ufa.