Aliyekuwa Ndani ya Kabati

Msumari alifika kijiweni na habari mbaya, akaitema kabla hajakaa.

"Chaji kaharibika. Nimempelekea simu yangu, hata macho hajainua. Anatazama picha isiyo na rangi."

Chaji ni fundi wetu wa simu na kompyuta, binti wa miaka ishirini na moja, kibanda chake kinatazamana na benchi la kahawa. Msumari ni seremala. Mimi nashona viatu, wananiita Gundi. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye kazi yake ya pili ni kutoa hukumu.

"Picha isiyo na rangi ni runinga mbovu," akahukumu. "Mwambie aigonge ubavuni."

"Si mbovu, ni ya kale. Ya enzi zile watu wanavaa kofia mpaka bafuni."

Chaji alikuwa kasikia yote. Akatoka na kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa, akaiweka katikati ya vikombe. Siku ya tatu hiyo alikuwa kapagawa na picha za zamani za taharuki, zile zinazokufanya ukunje vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Kaka Msumari, kwenye picha zako wanakufa wangapi?"

"Kwa saa moja? Nikikadiria, sitini."

"Na umewahi kuogopa?"

Msumari alifikiri kwa haki kabisa. "Huwa nayaonea huruma magari. Wanachoma magari mazuri sana."

"Hii ni saa na robo sasa, hajafa hata kuku. Na nimeogopa mpaka leo nimemfungia mteja simu yake na kioo cha mwenzake."

"Sasa hofu inatoka wapi kama maiti hakuna?"

"Kwenye kabati," akasema Chaji, sauti imeshuka. "Bwana na mkewe wanakula. Chumbani kuna kabati. Sisi tumeona mkono wenye glavu ukivuta mlango kwa ndani. Wao hawajaona. Na koti la bwana limo humo humo, na nje mvua inanyesha."

"Basi asitoke," akasema Mama Birika.

"Ana miadi."

"Aende bila koti."

"Ana kikohozi, Mama."

Mama Birika akaweka birika chini, akakaa. Miaka tisa nanywa kahawa pale, sikuwahi kujua kwamba yule mama ana magoti yanayokunjika.

Chaji akairudisha nyuma kidogo, akabonyeza. Tukamwona shemeji akiaga, na daktari, tukasikia hatua za mtu ukumbini, kisha tukatazama bwana akimaliza supu. Sijawahi kumchukia mtu kwa kuchelewesha supu kama nilivyomchukia yule. Akafuta midomo. Akakunja kitambaa. Akasahau miwani, akarudi. Msumari alikuwa kashika mkono wangu na wala hatukuwa tumekubaliana hivyo. Bwana akaingia chumbani, akanyoosha mkono, vidole vikagusa kitasa.

Kompyuta ikaganda.

Mama Birika akasema taratibu, "Fungua hilo kabati, binti yangu, kabla sijalifungua mimi."

Chaji akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Bwana aliendelea kushika kitasa.

"Tusihangaike," akasema Msumari. "Ndani yumo shemeji yake. Kabati lile bawaba zake ziko nje na halina komeo la ndani. Mtu hawezi kujifungia namna ile kama halifahamu. Ni mtu wa nyumbani."

"Si shemeji," nikasema. "Shemeji anavaa soli ya mpira. Aliyepita ukumbini alikuwa anagonga, ko, ko. Soli ya ngozi na kisigino kipya. Ni daktari."

"Nyote mmelala," akasema Mama Birika. "Mke hakula kijiko hata kimoja. Mwanamke aliyepika chakula akakiacha, anajua kilichomo. Yumo hawara."

"Kwenye picha ya heshima kama hii?" Chaji akachukia.

"Heshima ndiyo inayowaingiza makabatini, mwanangu."

Tukapandisha sauti. Msumari akachora kabati mezani kwa kahawa iliyomwagika, mimi nikavua kiatu kuonyesha mlio wa soli. Ndivyo tulivyokuwa alipotokea mzee mmoja, mrefu, kavaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa.

"Shikamoo, mzee," akasema Chaji, na uso ukambadilika. Ndipo tulipojua kompyuta ni ya nani.

"Marahaba. Nimefuata mashine yangu." Akainama, akaona bwana kashika kitasa. "Naona mmefika pale."

"Nilikuwa naijaribu tu, mzee wangu. Ulisema inaganda, nikasema niione inavyoganda."

"Kwa siku tatu?"

"Ina picha kumi na nne, mzee," akajibu Chaji, kichwa chini. "Nisamehe. Sikuweza kuacha."

Mama Birika hakuwa na muda wa kuomba radhi. Akamimina kikombe, akakisukuma mbele ya mzee. "Karibu, baba. Tuambie tu, kabatini yumo nani?"

Mzee akakaa, akanywa, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nilikuwa bawabu wa jumba la sinema miaka kumi na tisa. Picha hii imeoneshwa mbele yangu mara zaidi ya arobaini. Na sijui."

"Hujui vipi?"

"Dakika kumi kabla ya mwisho kazi yangu ilikuwa kwenda kufungua milango ya nje, watu wasikanyagane. Kila picha. Mwisho nausikia kupitia ukutani tu. Hii nasikia ukelele, kisha ukumbi mzima kimya. Mwanangu kanitafutia zote akaniwekea humu nizimalize, na mashine nayo imegoma palepale. Mama watoto ananisubiri nyumbani tutazame wote, keshapanga na viti."

Chaji alishakuwa na bisibisi. Akageuza kompyuta, akafungua mgongo, na ndani tukakuta feni imezibwa na vumbi nene kama pamba ya mto. Machozi yakamlenga. "Inapata joto tu, mzee. Dakika tano. Kazi ya dakika tano, nimekaa nayo siku tatu." Akasugua kwa brashi, akapuliza, lile vumbi likatua juu ya Msumari. Akafunga, akawasha.

Mara hii tulikaa kwa adabu. Mzee tulimpa nafasi ya mbele, akavua kofia. Bwana akagusa kitasa. Akazungusha. Mlango ukafunguka, mke akapiga ukelele, na ndani ya kabati alikuwa wakili.

"Wakili yupi?" akauliza Msumari.

"Yule wa mwanzo," akasema Chaji. "Aliyepita akila mkate. Anatafuta wosia."

Wakili akajieleza, polisi wakaja, mwisho. Msumari akasema bawaba zile hazimfai wakili. Mama Birika akainuka akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Chaji akamgeukia mzee kwa uso wa mtu aliyemletea zawadi, akakuta mzee kajikunyata, kofia kaishika kwa mikono miwili.

"Haikukupendeza, babu?"

"Si hivyo, binti yangu. Wakati ule kulikuwa na msichana, baba yake haruhusu aende sinema. Kila Jumapili alinisubiri nimsimulie picha. Na miisho sikuwa nayo. Basi nikawa natunga."

"Hii uliimaliza vipi?"

Mzee akasita, kisha akasimulia. Kwamba kabatini alikuwamo mume wa kwanza, aliyedhaniwa kazama na meli. Kasikia mkewe anacheka mezani, akajua amepona majonzi. Kabati linafunguka, wanaume wawili wanatazamana, na yule wa ndani anamkabidhi mwenzake koti tu, anamwambia, nje kuna mvua, jifunge vizuri shingoni. Kisha anatoka kupitia dirishani.

"Na ukelele?"

"Ni wa mke. Kaiona ile sauti, kaijua."

"Sauti haionekani, mzee," nikasema.

"Gundi, nyamaza," akasema Msumari, akajifuta macho na vumbi lake.

"Alilia siku tatu," mzee akaendelea. "Ya nne akakubali kuolewa. Sasa ni miaka thelathini na mbili na watoto wanne. Mpaka leo tukigombana ananikumbusha, usisahau kwamba hata yule bwana alitoa koti."

"Njia ya mwongo ni fupi," nikasema.

"Ya huyu ina miaka thelathini na mbili na watoto wanne," akahukumu Mama Birika. "Acha iendelee."

Chaji akaifunga kompyuta, akaifuta kwa kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akasema kwamba kaona picha kumi na nne, na huo mwisho wa mzee ndio wa kumi na tano, na ndio bora. Mzee akashukuru. Akapiga hatua mbili kuelekea nyumbani, kwa mkewe na vile viti, ambako wakili hangojwi kabatini, akasimama. Akarudi, akainama mpaka kwenye sikio la Chaji, lakini sisi wa kijiweni masikio tunayo.

"Lile vumbi," akauliza, "haliwezi kurudi?"