Nguruwe wa Njia Panda

Tarehe nne, siku ya Hermesi, mwezi wa kuchuma zabibu

Ukungu mpaka magotini. Mlima Kilene hauonekani, lakini nauhisi ukinitazama. Habari kubwa! Mjane Mnasila ametangaza kisimani: nguruwe mwitu anammalizia mizabibu yake, basi atakayemwangusha mnyama huyo ndiye atakayemwoa. Nimelingoja tangazo hilo tangu aache nguo za msiba. Kwa bahati mbaya Pantaleo naye alikuwepo. Mfinyanzi, jirani yangu, adui yangu. Akasema nguruwe yule ni kazi ya watu wawili, mmoja wa wavu, mmoja wa mkuki, na kwamba yeye wavu anao. Nikamjibu mbele ya wote kwamba mashujaa hawawindi na wauza vyungu. Akauliza shujaa yuko wapi, maana yeye anaona tumbo tu. Wanawake wakacheka. Mnasila pia, lakini yeye alicheka kwa huzuni. Nina hakika.

Nimelifikiria sana. Hakuna shujaa hata mmoja aliyewahi kufanya jambo kwa nguvu zake! Yule aliyekata kichwa chenye nywele za nyoka, mvue viatu vya mabawa, mnyang'anye upanga aliopewa na Hermesi, unabaki na nini? Kijana na mfuko. Basi na mimi nipewe! Hermesi mjumbe wa miungu kazaliwa mlima huu huu. Ni mtu wa kwetu.

Tarehe tano, siku ya nuksi

Nimepeleka tini na mkate wa asali kwenye lundo la mawe la Hermesi, njia panda. Nikaongeza jiwe langu juu. Nikajificha kichakani nimwone akija kula. Ukungu, kengele za mbuzi kwa mbali, harufu ya majani mabichi, usingizi… Nilipofumbua macho, Pantaleo amekaa juu ya jiwe langu, anatafuna!

Nilimvamia kwa maneno makali. Akasema, kwa utulivu wa kuudhi, kwamba chakula cha Hermesi ni cha msafiri mwenye njaa, na yeye ametoka kuchimba udongo. Kweli, desturi ndiyo hiyo. Desturi ya hovyo! Akanibakishia tini moja. Kisha akasema twende wote bwana, wavu wangu, mkuki wako, Mnasila atachagua mwenyewe. Nikamwambia mkuki wangu hauli na mtu sahani moja.

Tarehe sita, siku ya Artemi

Kikombe cha mwisho cha jioni humwagwa kwa Hermesi, maana ndiye mleta ndoto. Mvinyo wa kwetu ni mzuri mno kwa sakafu, kwa hiyo huwa nakinywa mimi kwa niaba yake. Jana nilikimwaga. Nusu.

Akaja! Alfajiri, chumba kimejaa harufu ya mvua. Alisimama mlangoni na kofia yake pana, vumbi la safari miguuni, mabawa ya visiginoni yakitikisika kama ya njiwa anayetaka kulala. Akasema nguruwe amelewa machicha ya zabibu. Kesho jua likichomoza atakuwa amelala fofofo kando ya lundo la mawe. Niende na Pantaleo. Nikauliza kwa nini Pantaleo. Akasema kwa sababu ana wavu. Nikamweleza, kwa hoja nzito, kasoro za ushauri huo na za miungu kwa jumla. Akanisikiliza. Akapiga miayo. Mungu mzima, anapiga miayo! Akarudia: na Pantaleo. Nikamwomba basi viatu. Akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akafifia.

Nimemwelewa. Ni mtihani. Anapima kama nina moyo wa kwenda peke yangu.

Tarehe saba, siku ya Apolo

Alikuwepo! Dunia nyeupe kama maziwa, na katikati yake nguruwe mkubwa kama kitanda cha arusi, anakoroma. Nikainua mkuki. Akafumbua jicho moja. Nikaushusha. Akalifumba. Tukaendelea hivyo. Nikatambua kwamba lazima kwanza afungwe. Nikamfunika joho langu ili ijulikane ni wangu, nikauegemeza mkuki kwenye mawe, nikakimbia nyumbani kutafuta kamba.

Sijafika, nikasikia ukelele: "Hermesi ni wa wote!" Sauti ya Mnasila! Kwetu hata mtoto anajua maana yake. Kinachookotwa njiani ni zawadi ya Hermesi, na uliyefuatana naye akiwahi kupiga ukelele huo, mnagawana nusu kwa nusu. Nikarudi mbio. Mnasila alikuwa amempelekea Hermesi tini zake. Wakakutana njiani na Pantaleo, wavu begani. Yeye akatupa wavu. Mnasila akachoma mkuki. Mkuki wangu! Tena kupitia joho langu!

Nikapaza sauti kwamba nguruwe ni wangu, joho ni shahidi. Mnasila akauliza, "Kumbe ni wewe, mzee wangu, uliyemfunika asishikwe na baridi?" Pantaleo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Mnasila akasema mnyama ameangushwa na wawili, na kwa kuwa yeye hawezi kujioa mwenyewe, amebaki Pantaleo.

Tarehe kumi, siku ya arusi

Nimepewa sikio. Na joho langu, lenye tundu. Filimbi zililia, moshi wa nyama ukapanda polepole kuelekea mlimani kama mtu anayerudi kwao. Macho yalinitoka machozi. Vitunguu. Mnasila akaniletea mkate mwenyewe, akasema kwa upole, "Ungemwita tu jirani yako. Mkuki ungeushika wewe." Nimemsamehe. Mapenzi yamemvuruga akili.

Lakini habari kubwa! Dada yake Mnasila, mjane pia, anasumbuliwa na mbwa mwitu. Nilipotoka karamuni nilikimwaga kikombe chote, nikajilaza chini ya mzabibu mchana kweupe. Hermesi akaja, akaketi karibu yangu, akavua kofia, akafungua kinywa. Nikamwambia anyamaze, nimeshaelewa. Nitakwenda peke yangu. Na safari hii hata yeye simwambii ni lini.